Jinsi nilivyoifunika shaba ya uani kwetu, Lubumbashi

Kiwanja chetu kiko kaskazini-magharibi ya lile bomba refu la moshi la Lubumbashi, upande ule ule unaopokea pepo za kusini-mashariki. Shaba ilianza kuyeyushwa mjini mwaka 1911, na kwa miongo mingi moshi ulitua huku ukiwa na shaba, madini ya risasi, zinki, na sumu kama kadimi na aseniki, pamoja na gesi ya salfa iliyoutia udongo asidi. Nyuma ya nyumba palikuwa pakavu, hapaoti kitu. Wakati wa kiangazi vumbi liliingia mpaka kwenye sufuria ya bukari (ugali), na watoto walicheza humo humo. Watoto ndio walionifanya nianze.

Wengi walinishauri nipande mimea ya kufyonza shaba. Katanga tunayo mimea iliyozoea madini, kama Haumaniastrum katangense, ua ambalo watafuta shaba hulifuata. Lakini tupige hesabu. Udongo wenye gramu 2.5 za shaba kwa kila kilo, ukichimba sentimita 20, unabeba kama gramu 650 katika mita moja ya mraba. Majani yakifyonza gramu moja kwa mwaka, na hiyo ni nyingi mno, utavuna kwa miaka 650! Kijana wa jirani anayesomea kilimo chuo kikuu aliniambia, “Baba, usitafute mmea wa kuitoa. Tafuta wa kuikalia.”

Akanionyesha majaribio yaliyofanyika hapa Katanga kwa nyasi tatu za kwetu. Rendlia altera, nyasi fupi za vilima vya shaba, zilistahimili hata udongo usiotiwa kitu. Ukoka wa kawaida ulihitaji chokaa ili uishi. Kiwango kimojawapo walichotumia kilikuwa gramu 200 za chokaa kwa mita ya mraba; nikakichukua hicho, nikaongeza mboji nyingi ya samadi na majani, nikachanganya vyote kwa jembe kabla mvua hazijaanza. Chokaa hupunguza asidi, na asidi ikipungua shaba haiyeyuki kirahisi kwenye maji ya udongo, hivyo mizizi haiungui. Mboji nayo huikamata shaba, tena hushika unyevu.

Mvua zilipoanza kunyesha vizuri nikapandikiza mafungu ya Rendlia, moja karibu na jingine, na ukoka pembezoni. Ukoka ulitambaa haraka pale chokaa ilipokolea. Rendlia ni za polepole, zinataka subira, ila mahali ziliposhika hakuna tena vumbi linalopeperuka. Kwangu huo ndio ushindi.

Mboga sipandi hapo kabisa. Chokaa haiifungi aseniki, na pH (kipimo cha asidi; hupanda asidi inapopungua) ikipanda sana inaweza hata kuilegeza. Lengalenga (mchicha) nazo hufyonza kadimi kwa urahisi. Lengalenga zetu ziko kwenye matuta ya juu, yaliyozungushiwa matofali na kujazwa udongo niliouleta kutoka mbali na njia ya moshi, na tunaziosha vizuri kabla ya kupika. Nyasi za uani hazilishwi mbuzi wala hazichomwi. Nikizipunguza, naziacha pale pale zifunike udongo. Chokaa naiongeza kidogo kila pH inaposhuka, na kwenye kona ambayo maji ya paa yanaisomba mboji bado natafuta namna ya kuyageuza yapite kwingine.