Nilivyonyoosha vipimo vya stoo na manunuzi

Nilipokabidhiwa stoo ya vifaa vya ujenzi na umeme nilikuta kwenye sistimu kuna kipimo kimoja kinaitwa katoni, kimewekewa 24, na kila kitu kinachokuja kwenye katoni kinahesabiwa 24. Sasa balbu zinakuja kwa katoni, skrubu kwa katoni, gundi nayo kwa katoni, na idadi ya ndani haifanani hata kidogo. Ukiuliza balbu ziko ngapi sistimu ina jibu lake, shelfu ina lake na mhasibu ana la kwake.

Sikuanza na sistimu. Nilikaa pale dirishani nikawa naangalia mafundi wanaomba nini. Fundi haombi katoni ya balbu, anaomba balbu mbili. Waya anaomba mita. Rangi anachukua kopo zima, hamna anayechotewa. Hapo ndo nikapata kipimo cha msingi cha kila bidhaa, ni kile kidogo kabisa ambacho stoo inakitoa kwa mkono, na hivyo vingine vyote, katoni, dazeni, roli, paleti, vikabaki kua vya kununulia tu. Salio linatunzwa kwa kipimo kimoja, basi.

Kwanini kidogo kabisa? Desimali. Kuna bidhaa msingi wake ulikua dazeni, kwa hiyo ukitoa kipande kimoja sistimu inaandika 0.0833. Toa vipande vyote 12 kimoja kimoja, umetoa 0.9996, inabaki 0.0004 ya dazeni ambayo shelfuni haipo na hakuna mtu atakayekuja kuiomba, ila ripoti inasema mzigo bado upo. Zilikua nyingi za hivo. Tukihesabu kwa vipande zinapotea zenyewe.

Halafu uwiano, yaani katoni moja ina vipande vingapi, nikauondoa kwenye katoni nikaufunga kwenye bidhaa na saplaya wake. Huyu analeta ya 24, yule ya 20, kila moja na jina lake, KTN24 na KTN20. Ni majina mabaya lakini yanaongea. Na saplaya akibadilisha ufungaji huwa hasemi, utaona tu kwenye deliveri noti, sasa hapo usiingie kugeuza ile 24 iwe 20, maana kuna oda bado ziko wazi na zitapokelewa kwa uwiano mpya wakati ziliagizwa kwa wa zamani. Fungua kipimo kipya, ile ya zamani uizime oda zake zikiisha.

Nondo ndo ilinitoa jasho. Inauzwa kwa tani, saiti wanaomba vipande. Mafundi wana hesabu yao, unachukua kipenyo kwa milimita unakizidisha chenyewe kwa chenyewe unagawa kwa 162, unapata kilo kwa mita. Milimita 12 inakupa kama kilo 0.889, kwa hiyo nondo ya mita 12 ina kama kilo 10.67, na tani moja inakua vipande 93 na kitu. Hicho "na kitu" ndo chenye ugomvi, maana hakuna anayeleta robo tatu ya nondo, na isitoshe uzito wa kiwandani unaruhusiwa kupishana kidogo na wa kwenye hesabu. Wenzangu wakasema tuweke 94 tuendelee na maisha. Nikakataa, uwiano wa kudumu unafaa pale ambapo haubadiliki, kama mita na sentimita. Tulichofanya, mzigo wa nondo unapokelewa kwa namba mbili, kilo za mizani zinaenda kulinganishwa na invoisi, vipande vilivyohesabiwa ndo vinaingia stoo, na gharama ya kipande inapatikana kwa kugawa thamani ya mzigo kwa vipande vilivyofika. Mhasibu akalalamika kwamba gharama inacheza kila mzigo. Inacheza kwa sababu kweli inacheza.

Vya nje navyo. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni 4.546, kwa hiyo kwenye LPO, ile oda ya manunuzi tunayompa saplaya, galoni tuliifuta tukabaki na lita. Boksi la kebo ya netiweki ni futi 1000, yaani mita 304.8, wenyewe wanaandika 305, hiyo tofauti haina shida. Shida ni mabaki: mita 40 za vipande vya mita mbili mbili si mita 40, huwezi kuvuta hata laini moja ya maana, kwa hiyo vipande vifupi tunavihamishia kwenye chakavu visije vikajifanya salio.

Wakati wa kuwaelekeza wenzangu nilitumia kisa cha ile Boeing 767 ya Air Canada mwaka 1983, walipiga hesabu ya mafuta kwa 1.77, ambayo ni paundi za uzito kwa lita, badala ya 0.80 ya kilo kwa lita, yakaisha angani ikabidi ndege iteleze bila injini hadi Gimli, hukohuko Kanada, na bahati nzuri hakufa mtu. Namba yenyewe haikua na kosa, ilikosa tu kuandikiwa ni ya nini. Tokea hapo kila mstari wa LPO unaandikwa wote, katoni 10 x 24 = vipande 240, hata kama saplaya anaona tunamchosha.

Kinga niliyoipenda kuliko zote ni ya bei. Kipimo kikikosewa, bei ya kipande ndo inapiga kelele kwanza, utaiona imeruka mara 24 au imeshuka hivohivo, kwa hiyo nikaweka sistimu izuie kupokea mzigo wowote ambao bei yake kwa kipimo cha msingi imepishana sana na ya manunuzi ya mwisho mpaka mtu aangalie. Inasumbua pale bei zinapopanda kweli. Storikipa ananuna, ila anafungua katoni anahesabu.