Nilivyoacha kubahatisha in, on na at, na ile by iliyonikata mshahara

Mimi nipo mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Moshi, wengi wanaolala kwetu ni wapanda mlima, na imeili zote za bukingi najibu mimi. Kingereza cha kuongea sina shida nacho, shida ilikuwa muda. Sisi tunasema tu naja Jumatatu, naja saa nane, naja mwezi wa saba, hakuna kitu kinakaa katikati, wenzetu wa Kingereza wanataka uchague in, on au at.

Ila iliyonitoa jasho ni by. Shuleni tuliambiwa by ni mpaka, tukakariri hivyo hivyo. Sasa mzee mmoja Mjerumani akauliza chumba cha juu, na chumba kilikuwa wazi mpaka tarehe 12 Julai, kuanzia hapo kuna kundi limeshalipia. Nikamwandikia "the room is free by 12 July". Kumbe kwake hiyo ni kwamba ikifika tarehe 12 chumba kitakuwa kimeshaachiwa! Akatua tarehe 12 yenyewe, saa tatu usiku, kachoka, mabegi mawili, chumba kina watu. Meneja akaniita pembeni, "Dada, ulimwandikia nini huyu mzee?" Nikamwonyesha simu nikiwa na uhakika kabisa nimeandika sawa. Tukamhamishia hoteli ya jirani, tofauti ya bei tukalipa sisi, elfu themanini na kitu hivi, nusu wakaikata kwangu. Usiku ule sikulala, na hasira zangu zote zilikuwa kwa huo ushauri wa "by ni mpaka".

Neno nililotakiwa kuandika ni until. Siku hizi najiuliza hivi, hiki kitu kinaendelea muda wote hadi hiyo siku, au kinatokea mara moja kabla haijapita? Kinachoendelea ni until, "I will wait until six". Cha mara moja ni by, "I will send the receipt by Friday". Mpaka yetu inabeba zote mbili, ndo maana tunaumia.

Hizo tatu nyingine nilizimaliza kwa kalenda ya ukutani pale mapokezi. Kijisanduku cha siku ni on, "on Monday", "on 12 July". Karatasi nzima ya mwezi, au mwaka wenyewe, ni in. Saa iliyotundikwa juu yake ni at. Asubuhi, mchana na jioni ni in, lakini ukiitaja na siku yake basi siku inashinda, "on Monday morning". Usiku ndo unaenda kivyake, "at night", huo nimeukariri tu. Na jamani acheni kusema "on next Monday", next, last, this na every hazitaki in, on wala at kabla yake.

Halafu mgeni akiandika "we arrive in three days" wengi tunaisoma ndani ya siku tatu. Hapana, ni baada ya siku tatu, ndani yake ni within. Mpishi wetu alishachinja kuku mapema kwa sababu hiyo hiyo.

Wikiendi nayo, Waingereza wanasema "at the weekend", Wamarekani "on the weekend", mi naangalia imeili imetoka wapi namwandikia kama kwao.