Wamechuja au Wamejiuza?

Sikuwa nimetimiza siku tatu nyumbani Amu, yaani Lamu, zawadi za watu bado ziko sandukuni, nikagombana na rafiki yangu niliyekaa naye mkeka mmoja chuoni. Kilichotugombanisha ni bendi ya metali ya Uswidi iitwayo In Flames. Pale barazani petu Langoni tuko wanne tu tunaoijua, na huwa tunakaa pamoja pembeni, baada ya Isha, kahawa ikizunguka. Nilisema, kwa sauti ya mtu aliyetoka mbali na ushahidi mkononi, "Hawa wamejiuza," maana yangu wameiacha sauti yao ili wapate wanunuzi wengi. Rafiki yangu akakiweka kikombe chake chini, na hakukigusa tena usiku ule.

Wako watakaouliza watu wa Amu wanatafuta nini kwenye muziki wa metali, ile roki nzito ya magitaa ya umeme. Sisi hatukuutafuta, ulikuja wenyewe. Mwaka 1998 mama alikuwa akifua mashuka ya nyumba moja ya wageni Mkomani. Mgeni alisafiri akaacha kanda chini ya mto, mwenye nyumba akaingoja irudiwe, haikurudiwa, akampa mama. Mama akaileta akitaraji tutarikodi mawaidha juu yake. Ilikuwa kanda ya dakika 90, imeandikwa kwa kalamu ya buluu: upande mmoja The Jester Race, albamu ya 1996, upande wa pili Whoracle, ya 1997. Redio kaseti ilikuwa ya kina rafiki yangu. Chumvi ilikuwa imeshazila springi za betri, kwa hiyo tulikuwa tukiikunja ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, tunaibana kwa kidole gumba, na aliyebana haruhusiwi kucheka wala kupiga chafya mpaka wimbo uishe. Nimebana sana mimi. Mpaka leo nikizisikia nyimbo zile kidole changu kinakakamaa chenyewe.

Mwimbaji alikuwa akinguruma, na neno hatukulipata hata moja. Lakini chini ya mngurumo ule magitaa mawili yalikuwa yakiimba. Moja linashika mahadhi juu, la pili linayashika hayo hayo chini kidogo, na yanakwenda hivyo bila kuachana, kama wachukuzi wawili wa mpiko mmoja. Masikio yetu yalikuwa ya taarab. Tumekulia maharusini tukisikia fidla ikimfuata mwimbaji hatua kwa hatua. Hatukuhitaji wa kutufasiria. Rafiki yangu ndiye aliyesema kwanza, "Hawa wana huzuni ya kwetu."

Ndoa ikanipeleka Göteborg mwaka 2009, mji ule ule ilikozaliwa bendi. Nakaa Hisingen, ambacho nacho ni kisiwa, na kazi yangu ni bandarini, kufunga na kufungua makontena. Desemba yangu ya kwanza jua lilikuwa likizama saa tisa na nusu alasiri. Nikitoka zamu nakuta usiku umeshatandika. Nasimama kituoni nikingoja tramu, nyimbo za kanda ile masikioni, nikijiambia kwamba angalau katika mji huu kuna watu ninaowajua tangu utotoni.

Nikajifunza mengi juu yao. Kwamba Jesper Strömblad aliianzisha bendi mwaka 1990. Kwamba wao na bendi za At the Gates na Dark Tranquillity ni vijana wa mji mmoja, wakiazimana waimbaji kama majirani waazimanavyo kinu: katika albamu ya kwanza ya In Flames, ya 1994, aliyeimba ni Mikael Stanne wa Dark Tranquillity, na katika albamu ya kwanza ya Dark Tranquillity, ya 1993, aliyeimba ni Anders Fridén, huyu huyu aliye In Flames tangu 1995. Mambo haya yalinifurahisha mno. Ni kama kukutana na mtu ugenini akakwambia babu yake na babu yako walisafiri chombo kimoja.

Lakini nilikuwa nimechelewa. Sauti ya kanda ilikuwa imeshahama. Kwenye Reroute to Remain, ya 2002, walitoka studio waliyoizoea, wakachukua mtayarishaji mwingine. Vinanda vya umeme vikasogea mbele, Fridén akazidi kuimba viitikio kwa sauti safi, viitikio vya kupokewa na umati, na yale magitaa mawili yakaachiwa nafasi ndogo. Mwaka 2010 Strömblad naye akaondoka, na tangu hapo hamna ndani ya bendi hata mmoja katika walioianzisha. Ikaja Siren Charms, ya 2014, iliyorekodiwa Berlin. Niliisikiliza ndani ya tramu, kutoka mjini kati, tukavuka daraja, na nikapitiliza kituo changu nikiungoja ule mpiko. Haukuja.

Kwa hiyo nilipolitamka neno lile Langoni sikulitamka ovyo. Nilikuwa nimelibeba miaka.

Wa kwanza kunijibu alikuwa mpwa wangu, ana miaka 24. Yeye bendi aliijulia kwa Come Clarity, ya 2006, aliyowekewa kwenye flashi na mwenzake wa shule Mombasa. "Mjomba, mimi kanda yenu ndiyo niliyoiona ngeni. Viitikio vile unavyovidharau ndivyo vilivyoniingiza." Kisha akanitolea Duma wa Nairobi, wale wawili waliotoa albamu mwaka 2020 kwa lebo ya Kampala, metali iliyovurugwa na kelele za mashine mpaka huwezi kujua gitaa liko wapi, na mmoja wao, Lord Spikeheart, aliyetoa albamu yake mwenyewe 2024. "Hawa wakienda kupiga Ulaya, nao utasema wamejiuza?" Swali zuri, na sikulijibu vizuri.

Nikakimbilia Metallica, bendi ya Marekani, maana wengi wetu tupendao metali neno hili tumelijulia kwao. Mwaka 1991, baada ya albamu 4 za kasi na nyimbo ndefu, walimchukua mtayarishaji Bob Rock, wakapunguza mwendo, wakafupisha nyimbo, wakauza mamilioni kwa mamilioni. Mwaka 1996 wakaja na Load, nywele zimekatwa, na mashabiki wa zamani wakawalilia kama waliofiwa. Mwenzetu wa nne, ambaye ni mwalimu, akasema yeye ile ya 1991 anaipenda kuliko zote za nyuma. Hapo tukasema wote kwa pamoja, na yaliyosemwa hayafai kurudiwa.

Aliyetunyamazisha ni ami yangu. Alikuwa upande wa pili wa baraza na tasbihi yake. Habari za metali hana hata moja.

"Kujiuza? Neno gani hilo mnalitia kinywani, na watoto wapita ndiani?"

Tukamtaka radhi. Hakuridhika, akasogea.

"Wameuza nini hao?"

"Muziki wao, ami."

"Kwani kwanza walikuwa wakiutoa sadaka?"

"La, walikuwa wakiuuza."

"Basi kuuza si kosa. Muyi huu umejengwa na wauzaji, tangu zamani za boriti na pembe. Mwenye duka halaumiwi kwa kuuza. Alaumiwa akipunja mizani, au akitia maji kwenye maziwa. Hao wametia maji?"

Nikasema nadhani wametia. Akaniuliza nimepimaje. Nikaanza habari za magitaa mawili, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho, kwa makini ambayo sikuitarajia. Akasema katika ujana wake watu waligawanyika hivi hivi. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarab, alipokuwa akiimba kwa mahadhi ya Kihindi, wako waliosema huu si wimbo wa Kiswahili, kaazima sauti ya sinema. Na Zein l'Abdin, mwana wa Amu, akishika udi wake, hao hao wakasema huyu ndiye. "Na mimi nimelia kwa wote wawili," ami akasema. Halafu akasema jambo ambalo nimelichukua mpaka Hisingen. "Leso ikifuliwa mara ya kwanza maji yakawa mekundu, hakuna asemaye leso imejiuza. Husema imechuja. Rangi haikushika, basi. Lawama yaja pale muuzaji alipojua itachuja, akakuapia haichuji."

Rafiki yangu alikuwa hajanena muda wote huo. Alipoinuka kwenda zake aliniambia maneno matatu tu. "Kesho ndoo karakana."

Yeye ni fundi wa milango. Karakana yake iko nyuma, mbali na bahari, na nilipofika asubuhi vumbi la mti lilikuwa limetanda kwenye mwanga wa dirisha. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Alinieleza, huku akinoa patasi, kwamba kuna mtu mzima wa hapa hapa mjini aliyemsimamisha njiani mbele za watu akamwambia amejiuza, kwa sababu anachongea milango wageni wenye majumba Shela. Kwamba kazi ya wazee kaipeleka sokoni. "Nilikaa wiki mbili sipiti barazani. Nazunguka kwa nyuma nikienda msikitini. Sasa wewe watoka Uswidi kote huko, waniletea neno lile lile, wawatia watu usiowajua, kwa sababu wamepiga gitaa moja badala ya mawili."

Sikulijua jambo hili. Tulikuwa tukizungumza kwa simu kila wiki mbili tatu, na hakuwahi kunambia.

Milango miwili ilikuwa imelala juu ya vigogo, yote ya mbambakofi. Mmoja ni wa nyumba ya jamaa zake mwenyewe, mfaa wake, ule mti wa katikati ya mlango, umejaa maua na mnyororo ukizunguka ukingoni bila kukatika. Wa pili ni wa mgeni. Mgeni hakutaka mnyororo, hakutaka maua mengi. Alitaka waridi moja juu ya mfaa na chini kuwe kutupu. "Haya," akanambia, "tia kidole." Nikatia kidole kwenye waridi la mlango wa jamaa zake, nikakipitisha kwenye jani baada ya jani mpaka kwenye kitovu cha ua. Kisha nikatia kwenye waridi la mgeni. Kina kilikuwa kile kile. Kuta za jani zimesimama wima vile vile, na chini kabisa, pale ambapo jicho halifiki na vumbi tu ndilo litakaloingia, alikuwa amesawazisha.

"Nikipewa kazi chache zaidi nafanya chache zaidi," akasema. "Siku nitakayochonga juu juu kwa kuwa mgeni hajui, siku hiyo niambie."

Tukakaa chini tukazipitia albamu upya, moja baada ya moja, kwenye spika yake ndogo, kwa kipimo hicho cha kidole. Ilituchukua mpaka Adhuhuri na baadaye mpaka Alasiri. Na nakiri hapa, kwa kuwa nimewahi kuandika kinyume: albamu ya 2002 niliidhulumu. Maua ni machache na ni ya namna nyingine, lakini kina kipo. Ngoma zimepigwa kwa nguvu zote, viitikio vile vimejengwa kwa jasho, na Fridén anapoacha kunguruma akaimba, sauti yake inatetemeka kwa namna ambayo mtu anayetaka kuuza tu angeifuta studio. Niliichukia kwa sababu niliingia Göteborg nikitaka kuikuta 1998 ikinisubiri kituoni.

Siren Charms sikuisamehe, na rafiki yangu hakunilazimisha. Tuliisikiliza kimya. Ilipofika katikati akasema, "Hapa patasi haikuingia." Wamechuja pale, tukakubaliana kusema hivyo, na lile neno la pili tukaliacha kwa heshima ya ami.

Mwisho nikamwekea Foregone, ya 2023, ambayo alikuwa hajaisikiliza yote kwa sababu bando lilimwishia. Ndani ya albamu hii magitaa mawili yamerudi. Björn Gelotte, aliyeingia bendini 1995 akiwa mpiga ngoma kabla ya kuhamia gitaa, anapiga na Chris Broderick, Mmarekani aliyewahi kuwa katika bendi ya Megadeth. Na kuna mahali yanapanda pamoja, moja juu, la pili chini kidogo. Rafiki yangu alikuwa ameinama juu ya mlango wa mgeni, nyundo imeinuliwa. Haikushuka. Nikaona kidole gumba chake cha kushoto, kilichoshika patasi, kimeibana kama tulivyokuwa tukiibana karatasi ya fedha, na mimi changu kilikuwa hivyo hivyo juu ya goti.

Sehemu ile ilipopita akapuliza vumbi kwenye waridi.

"Irudishe," akasema. "Kidogo nyuma, kabla hayajapanda."