Nilivyoisugua klia ya boneti kwa msasa wa maji

Boneti ya gari langu ilipopakwa rangi upya, kwa mbali ilipendeza sana. Ukiinama ukatazama mwanga wa taa juu yake ndipo unaona vinundu vinundu kama ganda la chungwa. Nilivumilia miezi kadhaa, lakini kila nikiliosha gari jicho linakwenda palepale. Nikaamua kuisugua mwenyewe.

Kilichonitia hofu ni unene. Klia, lile tabaka angavu la juu kabisa, kwa magari mengi ni mikroni 40 hadi 60 hivi (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Kinga dhidi ya jua imo humohumo, na ukishaisugua hairudi. Nikaazima kipimo cha unene wa rangi. Hakipimi klia peke yake, kinasoma tabaka zote kwa pamoja, ila kilinionyesha palipo pembamba: kwenye kingo na ule mkunjo wa katikati. Huko nikabandika tepu ya karatasi, pasiguswe kabisa.

Msasa namba 1500, 2000 na 3000 (namba ikipanda, msasa unakuwa laini zaidi) niliuloweka robo saa kwenye maji yenye matone machache ya sabuni. Nikauzungushia kibao cha raba, maana vidole vitupu huchimba mifereji. Nilisugua polepole bila kukandamiza, nikitazama maji: yakiwa meupe kama maziwa, unakula klia, yakianza kuchukua rangi ya gari, umeshaitoboa. Yangu yalibaki meupe hadi mwisho.

Nilipopiga kompaundi, ile dawa nzito ya kung'arishia inayotangulia polishi, ndipo mistari ikajitokeza, mirefu, ya namba 1500. Iliniuma, kwa sababu nilidhani kazi imekwisha. Kosa ni kwamba misasa yote mitatu niliipitisha kwa mwelekeo mmoja, kwa hiyo sikuweza kutofautisha mikwaruzo ya namba 2000 na iliyotangulia. Tena nilikagua boneti ikiwa imelowa, na maji hujaza mikwaruzo yakaificha.

Kabla ya kurudia nilipima tena. Katikati ilikuwa imeshuka kutoka mikroni 142 hadi 134, nikaona bado kuna nafasi. Safari hii namba 2000 niliipitisha kwa upana wa boneti. Nikaikausha kwa kitambaa na kuikagua kwa tochi niliyoilaza, na palipobaki mstari hata mmoja wa urefu nikarudia hapohapo tu. Kisha namba 3000 kwa urefu. Boneti nzima ikafubaa sawasawa, bila doa linalong'aa wala mstari unaojitenga, na hali hiyo sasa naithamini kuliko polishi yenyewe.

Kupolishi hakukunichosha. Kompaundi kwa pedi ya sufu, halafu polishi laini kwa pedi ya sponji, eneo la kama sentimita 40 kwa 40 kila mara. Mashine haikutulia mahali pamoja, na kila baada ya muda niliweka kiganja juu ya bati. Nikihisi joto nilisubiri lipoe. Tepu nikaitoa mwishoni, kingo nikazipitia kwa mkono na polishi laini tu.

Vinundu viwili karibu na ukingo wa kushoto vipo hadi leo. Kipimo kilisoma chini sana pale, na ni afadhali niione klia yenye vinundu kuliko niione ikibanduka.