Ungo wa Senene

Jana mjukuu wangu kaniuliza, midomo inang'aa mafuta: "Babu, wewe ni Mhaya gani usiyekula senene?" Nikamjibu tumbo linanisumbua. Halinisumbui. Harufu ya senene wakikaangwa ilikuwa imejaa nyumba nzima, na usiku sikulala.

Ilikuwa mwisho wa Oktoba 1978. Askari wa Idi Amin walikuwa wameshavuka mpaka wa Uganda pale Mutukula, na kwetu, kati ya Mutukula na Bunazi, mizinga ilisikika tangu alfajiri. Baba alikuwa kazini Bukoba. Barabarani watu wote walikuwa wakielekea Kyaka, magodoro kichwani, mbuzi wakikokotwa. Mama alishambeba mdogo wangu mgongoni. Alibaki Bibi.

Miguu ya Bibi ilikuwa imevimba. Hata kutoka kitandani hadi mlangoni alishika ukuta. Siku hiyo alikuwa amekaa mkekani, ungo mapajani, ananyonyoa senene tuliookota jana yake. Mabawa yalikuwa yamemganda vidoleni. Mama alipiga magoti mbele yake akamsihi ajaribu, amwegemee tu begani. Bibi hakuinua uso.

"Mugende," alisema. Nendeni. "Mnifungie kwa nje. Wakiona kufuli watajua nyumba haina mtu."

Mkwe habishani na mama wa mumewe, hasa kwetu. Mama akaweka mtungi wa maji karibu na mkeka, na ndizi mbivu. Mimi nikaambiwa nimsogeze Bibi kwenye mwanga wa dirisha, maana alitaka kumaliza kabla Baba hajarudi. Yeye mwenyewe hakuwa akila senene. Wanawake wa rika lake hawakuwagusa mdomoni. Alikuwa akimnyonyolea mwanawe.

Mikono ya Mama ilitetemeka, kufuli likamshinda. Akanipa mimi. Nilikuwa na miaka 9. Nililibana kwa viganja vyote viwili, kwa uzito wangu wote, mpaka likalia.

"Limefunga?" Bibi akauliza kutoka ndani.

"Limefunga, Bibi."

"Haya, mkimbilie mama yako."

Tulivuka daraja la Kyaka usiku. Mama alikuwa amepanga kutuacha kwa shangazi, kisha yeye na Baba warudi na baiskeli kumchukua Bibi. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote hadi Mto Kagera ni ya Uganda, na muda si mrefu wanajeshi wake wakalilipua daraja. Baba alifika ukingoni akaona vyuma vimelala majini. Redioni Mwalimu alisema sababu ya kumpiga tunayo, uwezo tunao, nia tunayo. Watu walishangilia. Baba alisikiliza huku akiitazama baiskeli yake.

Jeshi letu lilivuka, likawatimua, likasonga mbele mpaka Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Mkoa wa Ziwa Magharibi ukapewa jina la Kagera. Nchi nzima ikaambiwa ifunge mkanda miezi 18, na foleni za sukari zikaendelea miaka mingi baada ya hapo.

Sisi tulirudi tukakuta nyumba haina bati, zizi tupu. Mlango ulikuwa umeng'olewa pamoja na pete zake. Kufuli lilikuwa chini kwenye majani, bado limefungwa. Bibi hakuwepo. Jirani mmoja alisema alimwona akipandishwa kwenye lori. Mwingine alisema alifariki siku ya pili na kuzikwa migombani. Baba alichimba mahali patatu.

Nikipita Kaboya huona makaburi ya askari wetu waliofia vita ile, na ninashukuru kwamba wao wana pa kulala. Bibi yangu hana.

Nilipokuwa mtu mzima, nikiwa na nyumba yangu, ndipo wazo lilipoanza kunijia. Kufuli humwambia mpita njia kwamba hakuna mtu. Lakini humwambia mwizi kwamba kuna mali. Nyumba nyingine kijijini ziliachwa wazi, na nyingi zilibaki na milango yake. Sijui wale askari waliwaza nini walipofika mbele ya mlango wetu. Baba alifariki bila kuniuliza nani alilifunga, na sikuwahi kujua kama Mama alimwambia.

Asubuhi hii nimekuta kisahani mezani, kimefunikwa kwa kingine. Mjukuu kaniwekea senene, tumbo likipoa nile. Kawachagua wakubwa wakubwa. Bado wapo.