Nilivyounganisha Mizani ya Mwaloni na Simu za Aina Mbili

Programu zangu mbili, moja ya wanunuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, na nyingine ya wakusanyaji wa pamba, zilikuwa zikirudia kazi ileile ya kusoma uzito kutoka kwenye mizani ya kidijitali kwa Bluetooth, na kila kosa nililolirekebisha katika moja lilinisubiri katika nyingine. Kwa kuwa zote niliziandika kwa Flutter, zana ya kutengeneza programu moja inayokwenda kwenye Android na iPhone, niliamua kuitoa kazi hiyo na kuifanya plagini inayojitegemea, yaani kipande cha programu kinachoweza kutumiwa na programu nyingi: upande wa Dart, lugha ya Flutter, ubaki na amri tatu tu, yaani tafuta, unganisha na soma, na yote yanayohusu simu yenyewe yaandikwe kwa lugha ya Kotlin kwa ajili ya Android na kwa lugha ya Swift kwa ajili ya iPhone.

Nyumbani niliijaribu kwa mfuko wa unga wa kilo 5, ikasoma sawasawa. Sokoni mama mmoja alipandisha gunia la dagaa wakavu, mizani ikaonyesha 36.8, simu yangu ya Android ikaandika 36.

"Mwanangu, hizo pointi nane zimekwenda wapi?"

"Mama, kosa ni langu. Andika ya kwenye mizani."

Gramu 800 kwa kila gunia ni fedha ya mtu, kwa hiyo usiku ule sikulala kabla ya kuupata mzizi wake. Mizani ilituma tarehe na saa kwa tarakimu 14, kisha alama ya kilo pamoja na mikato yake, kisha uzito, jumla baiti 22, kila herufi au tarakimu ikichukua baiti moja. Lakini simu isipoomba nafasi zaidi, ujumbe mmoja hubeba baiti 20 tu. Kilichokatwa ni ".8". Kwa unga, "5.0" ilibaki "5.", ambayo bado ni tano. iPhone hujiombea nafasi hiyo yenyewe. Kwa Android nililazimika kuiomba ndani ya Kotlin mara tu baada ya kuunganisha.

Tofauti ya pili ilikuwa nzito zaidi. Android hunipa anwani halisi ya mizani, ilhali iPhone huificha na kutoa namba ambayo simu nyingine haiitambui, hivyo mizani moja ilionekana kama mbili katika daftari la mnunuzi. Niliacha kutegemea anwani, nikawa nasoma namba ya kiwandani iliyohifadhiwa ndani ya mizani.

Badiliko hilo lingevunja programu za wengine, na toleo likishawekwa pub.dev, hazina ya mtandaoni ambako wengine huchukua plagini za Flutter, halifutwi, kwa hiyo nililitoa kama 2.0.0, ili aliyejifunga kwenye matoleo ya 1 asivutwe bila kujua. Mwaloni wanatumia 2.0.0. Programu ya pamba nimeiacha kwenye toleo la zamani hadi ununuzi wa msimu huu uishe, kwa maana sitaki kubadilisha utambulisho wa mizani wakati wakulima wako kwenye foleni.