Riwaya ya maneno matatu

Jumapili, baada ya alasiri. Stima ipo, feni yazunguka, laptopu imejaa chaji, na jirani mwenye spika kubwa amekwenda harusini Malindi. Sina kisingizio hata kimoja. Sura ya nne ya riwaya yangu iko pale pale nilipoiacha kabla ya Ramadhani: mwanamume amesimama kichochoroni Kibokoni, mkono kwenye komeo la mlango. Miezi saba hajafungua. Angekuwa mtu wa kweli, mkono ungeshakufa ganzi.

Siku kama hizi hujichapa kwa fimbo ya Abdilatif Abdalla. Mtu wa hapa hapa Mombasa, alifungwa 1969 kwa karatasi iliyouliza Kenya twendapi, akatoka 1972, na huko ndani aliandika mashairi kwa siri juu ya karatasi ya chooni. Yakatoka kitabu 1973, Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata kikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ndiyo iliyomtia ndani. Mimi karatasi ya chooni ninayo tele, na mpaka leo nimeitumia kwa kazi yake tu.

Kazi inayonilisha ni nyingine: natafsiri maelekezo ya dawa, vipeperushi vya chanjo, kanuni za hoteli. "Mgeni mpendwa, tafadhali usianike nguo kwenye roshani" ni yangu hiyo. Ukiwahi kuianua suruali yako kwa aibu katika hoteli fulani ya Nyali, basi wewe ni msomaji wangu, karibu.

Lakini wiki hii nimechapishwa. Si riwaya. Ni maneno matatu, tena moja limekosewa, na yako mahali ambapo huyasomi mpaka mwenye nayo akupe mgongo.

Yalianza kwa shangazi. Alikuja Ijumaa moja na mahamri kwenye bakuli la udongo, mbaazi zimefunikwa sahani juu ili mimi nisizionje kabla ya yeye kusema lililomleta. Akaketi mkekani, akajipepea kwa ncha ya buibui.

"Wewe si mwandishi?"

Nikasema ndiyo, kwa sauti ya mtu anayeulizwa kama ana deni.

"Haya. Sisi wa mchezo twachapisha leso zetu wenyewe. Tutafutie jina."

Mchezo wao naujua. Wanawake kumi na tisa wa Majengo, kila wiki kila mmoja hutoa shilingi 200, na mmoja hupokea zote. Ulianza mwaka aliofariki mume wa shangazi, wengi wao wakiwa wajane au wake wa waume waliokwenda Uarabuni kutafuta na wakajipata huko. Kwa mchezo huo zimenunuliwa cherehani, friji, na ada za shule za watoto ambao sasa wana ndevu. Mwenye duka mmoja wa Barabara ya Biashara alikubali kuwachapishia, wao wachukue doti 40, zilizobaki auze mwenyewe.

Kwa wasiojua (najua mko, na wengine wenu mnaziita kanga): leso ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na juu ya pindo la chini kuna jina. Sisi twasema jina. Ujumbe ni neno la watu wa semina. Leso isiyokuwa na jina yavalika, lakini haisemi. Yenye jina husema kwa niaba yako, nawe wakunja uso kama hujui imesema nini. Mke mwenza apita, wewe washona zako barazani, na kiunoni pameandikwa hasidi hana sababu. Nani amemtaja mtu? Vijana leo wana stetasi ya WhatsApp, wanadhani wamegundua jambo. Stetasi hufutika baada ya saa 24. Leso hufutika ikishakuwa kitambaa cha jikoni, na hata hapo shemeji akija bado yasomeka.

Jambo jingine ambalo ni letu watu wa Mombasa kulitamba: majina haya yalianza kuchapwa kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20, kwa herufi za Kiarabu kwanza, na anayesifiwa kwa hilo ni mfanyabiashara wa hapa, Kaderdina Hajee Essak. Mpaka leo leso zake zimeandikwa K.H.E., Mali ya Abdulla. Angalia vizuri: aliyeiuza jina lake lipo. Aliyetunga maneno, hakuna. Wako watu waliotunga misemo inayosomwa tangu Lamu hadi Kilwa kwa miaka mia, na hakuna anayejua walikula nini siku hiyo. Mimi nina ukurasa mzima wa shukrani kwa riwaya isiyopita sura ya nne.

Basi nikaandika. Usiku ule ule, beti nne, vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawa kama meno. Nilikuwa na Muyaka kichwani, bila shaka. Kila mtunzi wa mji huu humbeba Muyaka bin Haji begani hata asipomsoma. Huyu ndiye husemwa aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni, na mashairi yake yangepotea lau si Mwalimu Sikujua kuyakusanya vinywani mwa watu baada ya yeye kufa. Mizani kumi na sita kwa mshororo, nane kwa nane. Nikampelekea shangazi kwa simu, nikangoja makofi.

Akapiga. "Nimekuomba jina la leso, sikukuomba khutba."

"Shangazi, hayo ni mashairi."

"Sikiza. Mtu asomaye leso yuatoka sokoni. Jua la utosi. Mkononi ana mfuko wa samaki wamwagika maji. Mimi niko mbele yake, natembea. Ana muda gani na hayo yako?"

Nimehudhuria warsha tatu za uandishi, moja yenye chakula cha mchana, na sijawahi kuelezwa msomaji ni nani kwa uwazi kama huo.

Nikarudi nikapunguza. Beti nne zikawa ubeti, ubeti ukawa mishororo miwili, miwili ikawa mmoja: Tulilia mbalimbali, sasa twacheka pamoja. Nane kwa nane. Nilikwenda nao mwenyewe, kwa miguu, ili niuone uso wake ukiusoma. Akausoma mara mbili, midomo yatikisika. Akakaa kimya. Kisha akachukua kalamu yangu akaipitisha katikati.

"Hii ya kulia toa. Nani asiyejua kama tulilia?"

"Lakini bila ya hiyo..."

"Hiyo 'sasa' yatosha. Ajuaye atajua."

Ikabaki Sasa twacheka pamoja. Kusema kweli niliumia. Nusu aliyoitupa ndiyo niliyoipenda. Nikatoka barazani nikasimama kidogo, nikaona mmoja wa wenzake apita na ndoo kichwani, nikajaribu kuyaona yale maneno kiunoni mwake yakipanda na kushuka. Yakasomeka yote kabla hajapinda kona.

Kosa langu likawa kudhani kwamba mtu mwenye mkono mwepesi namna ile atanisaidia na riwaya. Nilimsomea sura ya tatu jioni ile ile, katikati ya tamthilia yake ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili, runinga ikiwa imezimwa sauti. (Runinga ni neno alilolisuka marehemu Sheikh Nabhany kwa kuunga rununu na maninga. Shangazi alimheshimu sana Sheikh, na chombo hukiita tivii.) Alinisikiliza macho yako kwa Waturuki. Nilipofika pale pikipiki inapomgonga Idi, akageuka.

"Amekufa?"

"Amekufa."

"Sura ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Stelingi hafi, mwanangu."

Hapo nikapata moto. Sisi sote tumelelewa na sheria hiyo. Mimi nimekulia kwenye vibanda vya video, shilingi kumi kwa filamu mbili, DJ Afro akitafsiri na kuongeza ya kwake mpaka filamu ikawa tamu kuliko walivyoitengeneza wenyewe, na risasi elfu zikimpita stelingi kama mvua ya Likoni inavyompita aliye ndani ya gari. Nikamwambia fasihi imeshavuka hayo. Kisha nikatoa karata yangu kubwa: "Na Sholay? Amitabh si alikufa?"

Nilijua nimemgusa. Sholay ni filamu ya Kihindi ya 1975, na yeye huisimulia kama mtu asimuliavyo msiba wa nyumbani kwao. Akazima tivii kabisa.

"Amitabh alikufa mwisho. Mwisho! Baada ya saa tatu tumekaa naye. Na alikufa kwa ajili ya rafikiye, na ile sarafu yake ikaonekana pande zote mbili ni sawa, kumbe kila mara alikuwa amechagua mwenyewe. Na bado tukabakiwa na Dharmendra. Wewe umemuua mtu kwa bodaboda, sura ya tatu, hata hatujajua yuapenda chakula gani. Sasa huyo aliyeshika mlango sura ya nne ni nani? Namlilia nani mimi?"

Sikuwa na jibu. Yule mwenye komeo ni ndugu yake Idi, na ukweli ni kwamba hata mimi simjui vizuri.

Tuendelee na leso. Barabara ya Biashara asubuhi: mabunda hadi darini, wanawake wawili wawili wakikunjua doti na kusoma kwa sauti, wakicheka, wakirudisha. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi mwenye Kimvita kilichonyooka kuliko changu. Mji walishauchagua, korosho nyekundu kwenye ardhi nyeupe. Akaniuliza jina. Nikamtajia. Akasema, andika, hapa, akanipa karatasi na biki. Nikaandika nikiegemea bunda la leso, kwa mkono, mimi ambaye tangu chuo kikuu kalamu naishika kutia sahihi tu. Akaikunja akaiweka kwenye faili. Viwanda viko India. Nikasahau.

Alhamisi iliyopita shangazi akanipigia: zimefika, njoo. Nikakuta chumba kimejaa, wote kumi na tisa, kashata sinia mbili, buli la chai ya tangawizi. Bunda lipo katikati ya mkeka, halijafunguliwa. Waliningoja. Sijawahi kungojwa na wasomaji. Shangazi akakata kamba kwa meno, akakunjua ya kwanza, akainyanyua kwa mikono miwili.

SASA TWACHOKA PAMOJA.

Nilisoma mara tatu, nikitarajia herufi ijirekebishe. Nikatazama doti ya pili. Ya tatu. Arobaini zote, na pale Biashara zimo nyingine sijui ngapi. Mdomo ulinikauka. Nilianza kutunga hotuba juu ya uzembe wa viwanda vya siku hizi, na ilikuwa imeanza kuwa nzuri, tena ndefu.

Kisha mmoja akacheka. Ni yule mkubwa wao kuliko wote, asiyekuwa na meno ya mbele. Alianza chini chini, mabega yakatikisika, kisha akajipiga paja. "Walahi huyu kijana atujua!"

"Mimi sikuchoka," akasema mwingine, amejinyoosha.

"Wewe hukuchoka? Juzi si ulilala na kikombe mkononi hapa hapa, chai ikakumwagikia?"

Basi ikawa ni hilo. Kila mtu na machoko yake: wa magoti, wa wajukuu walioletwa wikendi moja na sasa wana mwaka wa tatu, wa kusonga ugali wa watu wanane, wa mume aliyerudi kutoka Uarabuni na kutaka kuhudumiwa kama mgeni. Walicheka mpaka wengine wakatoa machozi. Wakafunga leso pale pale juu ya nguo zao, wakageuzana migongo wasome. Nilikaa kwenye kona na kashata yangu, na nusu niliyokatwa, ile ya kulia, nikaiona iko pale chumbani, wala hakuna aliyeiandika.

Jana nilipita Biashara, sikuweza kujizuia. Nikamwambia mzee, kwa upole, kwamba kuna herufi moja. Hakujibu. Akatoa faili, akatoa karatasi, akaiweka juu ya meza na kuigeuza inielekee mimi.

"Hii ni e?"

Nikaitazama. Mwandiko wangu mwenyewe, biki ya buluu. Ilikuwa o. Mviringo kamili, hata kiwanda cha kusaga unga kingesoma o.

"Zanunuliwa sana hizo," akasema, akarudisha faili. "Una nyingine?"

Shangazi nimemwambia ukweli leo adhuhuri, alipokuja kuchukua bakuli lake. Hakushtuka. Aliuliza kama kuna mtu mwingine aliyejua, nikasema mimi na mzee wa duka. Akasema mzee hatasema, anauza. Alikuwa ameivaa, na alipoinuka kwenda zake nikaisoma tena mpaka mlangoni. Pale akasimama, mkono kwenye komeo, akageuka.

"Na Idi? Ushamfufua?"